Kinga ya kiwele: mwili wa ng'ombe unavyopigana na vijidudu

Mama mmoja wa Mtongwe, huku Mombasa, aliniita bandani kwake alfajiri, kikombe cha maziwa mkononi. "Mwanangu, hebu tazama haya." Maziwa ya chuchu moja ya nyuma yalikuwa na mabonge meupe yaliyovutana kama mtindi ulioharibika. Robo ile ya kiwele ilikuwa ngumu, ina moto, na ng'ombe alirusha teke kila ilipoguswa. Akaniuliza uchafu ule umeingiaje ndani ya maziwa. Nikamwambia, "Haukuingia, mama. Ng'ombe mwenyewe ameutoa mwilini mwake, anajipigania." Alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea kigoda nimweleze.

Kinga ya kiwele ni jumla ya njia ambazo mwili wa ng'ombe hutumia kuwazuia bakteria wasiingie kwenye kiwele, kuwatambua wakishaingia, na kuwaua. Uvimbe, joto, maumivu na mabonge tunayoyaita ugonjwa wa kiwele kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga hiyo. Bakteria wenyewe hatuwaoni. Tunachokiona ni vita.

Lango la kwanza ni tundu la chuchu. Lina msuli unaolibana, na ndani yake limepakwa keratini, kitu kama nta kinachonasa bakteria na kuwadhuru. Kila ukikamua, lango hilo hulegea na hubaki wazi kwa nusu saa, saa moja, wakati mwingine zaidi. Ng'ombe akilala kwenye samadi wakati huo, amemfungulia adui mlango. Ndiyo maana inafaa umwekee majani na mashudu ya nazi mara tu baada ya kumkamua, apate sababu ya kusimama. Mvua za mwaka zinapolowesha sakafu za mabanda yetu ya Likoni na Kisauni, jambo hili dogo lina uzito kuliko dawa nyingi.

Bakteria akipita lango, anakutana na chembe hai zilizotanda ndani ya kiwele pamoja na chembe za ulinzi ziitwazo makrofeji. Hizi hutambua alama zilizo kwenye ganda la bakteria na kumwaga kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, ndipo kiwele kinapovimba na kupata moto. Kisha hutoka kwenye damu kundi kubwa la chembe nyeupe aina ya neutrofili na kumiminika ndani ya maziwa. Robo yenye afya kwa kawaida huwa na chembe chini ya 100,000 katika kila mililita ya maziwa. Ikishambuliwa vikali, ndani ya saa chache idadi hiyo inaweza kufika mamilioni. Mabonge aliyonionyesha mama yule ni chembe hizo, nyingine zimeshakufa, zikiwa zimeshikana na protini zilizovuja kutoka kwenye damu.

Hata ladha hubadilika. Viungo vinavyozishikanisha chembe zinazotengeneza maziwa hulegea, chumvi ya damu ikaingia na sukari ya maziwa ikapungua. Ndipo mnunuzi anapolalamika kuwa maziwa yana uchumvi, au yamemkatikia sufuriani alipoyachemsha kwa chai.

Lililonishangaza mimi nilipojifunza mambo haya ni kwamba maziwa ni uwanja mbaya sana wa kupigania. Kazi ya neutrofili ni kumeza, nayo haichagui vizuri: humeza matone ya mafuta na protini za maziwa, ikashiba kabla ya kumfikia bakteria. Oksijeni inayohitaji kutengeneza sumu za kuulia ni kidogo humo kuliko kwenye damu. Kingamwili, ambazo hugandama kwenye bakteria ili amezwe kwa urahisi, nazo ni chache katika maziwa ya kawaida. Laktoferini, protini inayowanyima bakteria madini ya chuma, hupanda ng'ombe anapokaushwa, yaani anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, na hushuka anapokamuliwa. Kwa hiyo ng'ombe hushinda kwa wingi wa askari na kwa kasi ya kufika kwao.

Na kasi hiyo inategemea ni adui gani aliyeingia. Escherichia coli, anayetoka kwenye samadi, huzaana haraka, na ganda lake lina sumu inayoushtua mwili mara moja. Mwili hujibu kwa nguvu zote. Mara nyingi ng'ombe huwamaliza bakteria hao mwenyewe kwa siku chache. Lakini wakiwa wengi kabla ya neutrofili kufika, mwitikio hupita kiasi: maziwa huwa kama maji, masikio hupoa, ng'ombe hulala asiinuke. Huyo ni wa kumwita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Staphylococcus aureus hupita njia nyingine. Haamshi kelele nyingi. Neutrofili zinazofika ni chache, na baadhi ya bakteria huishi salama ndani ya chembe ile ile iliyowameza. Mwili hujenga kuta za makovu kuwazunguka, na kuta hizo zinaizuia dawa pia. Maziwa huonekana safi miezi na miezi huku yakipungua taratibu, na mikono ya mkamuaji inamhamisha bakteria kutoka ng'ombe huyu hadi yule. Kwangu mimi, huyu mkimya ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kuna nyakati kinga yenyewe huchoka. Wiki zinazozunguka kuzaa ndizo mbaya kuliko zote: ng'ombe anatoa maziwa mengi kuliko chakula anachoweza kula, na neutrofili zake huwa goigoi. Joto la kaskazi, hasa kwa ng'ombe wa gredi, wale wenye mbegu ya kizungu, hulizidisha tatizo kwa kumkatisha hamu ya kula. Vitamini E na madini ya seleniamu huzisaidia chembe hizo kuua vizuri. Chanjo zipo pia, ila kazi yake zaidi ni kupunguza ukali wa ugonjwa. Hazifungi mlango kabisa.

Kuona vita vya kimya kunahitaji kipimo. Kile kilichobuniwa California mwaka 1957 bado kinatumika: unamimina maziwa ya kila chuchu kwenye kikombe chake, unaongeza dawa yenye asili ya sabuni, unazungusha. Sabuni hupasua chembe nyeupe, na vinasaba vyake hugeuka utelezi mzito. Zikizidi 200,000 kwa mililita, robo hiyo kwa kawaida ina maambukizi.

Mama wa Mtongwe alisikiliza yote. Tukakubaliana kuwa daktari aje, na kwamba maziwa ya mgonjwa yasiuzwe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa. Kisha akanionyesha ng'ombe wake wa pili, mwekundu, ambaye maziwa yake ni meupe safi lakini tangu mfungo wa Ramadhani yamepungua lita mbili kwa siku. Tukampima. Vikombe viwili vilibaki maji. Vya nyuma, vyote viwili, viliganda.