Mtajo si mlinganyo

"Rahisisha mlinganyo 3x + 2x + 6." Maswali ya namna hii yamezagaa kwenye mazoezi ya Hisabati, na yana kosa hata kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Hapo hakuna mlinganyo. Huo ni mtajo.

Mtajo wa aljebra ni namba na herufi zilizounganishwa kwa matendo ya hesabu. Herufi inashika nafasi ya namba. Katika 3x + 2x + 6, vipande 3x na 2x ni vya aina moja kwa kuwa vina herufi ileile yenye kipeo kilekile, kwa hiyo vinajumlishwa kuwa 5x. Ile 6 haina x, inabaki ilivyo: 5x + 6. Anayeandika 11x amejumlisha visivyojumlishika. Mlinganyo nao ni mitajo miwili yenye alama ya sawasawa katikati, kama 5x + 6 = 21.

Alama hiyo ndiyo inayoleta mkanganyo. Mwanahisabati Robert Recorde aliichapisha kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1557: mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Sisi tunaitumia kwa kazi mbili. Ukiandika 3x + 2x = 5x, usawa huo ni kweli kwa x yoyote ile; umebadili sura tu, thamani hujaigusa. Ukiandika 5x + 6 = 21, umeweka sharti, na linalolitimiza ni x = 3 peke yake.

Asiyetofautisha haya mawili huumia zaidi kwenye hesabu za sehemu. Chukua mlinganyo x/2 + x/3 = 10. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, unazidisha pande zote mbili kwa 6, unapata 3x + 2x = 60, basi x = 12. Sawa kabisa. Sasa mwanafunzi anaambiwa arahisishe x/2 + x/3. Anazidisha kwa 6 kama alivyozoea, anaandika 5x, na asili, yaani namba za chini ya sehemu, zimetoweka. Mtajo hauna upande wa pili wa kufidia kuzidisha huko, kwa hiyo ameukuza mara sita. Jaribu x = 6: mtajo wa mwanzo unatoa 3 + 2, yaani 5, lakini 5x inatoa 30. Jibu ni 5x/6. Ile 6 inakaa chini kama asili, haifutwi.

Wengine hujiongezea "= 0" mbele ya mtajo ili wapate kitu cha kutafuta. 3x + 6 inageuka x = −2, jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kwa anayetunga maswali: kwa mtajo andika "rahisisha", au "tafuta thamani ya 3x + 6 ikiwa x = 4", ambayo ni 18. "Tafuta x" iachie mlinganyo.