Masta silinda ya Honda CB750: anza na tundu dogo

Honda CB750 ya 1969 ilitoka kiwandani na breki ya diski mbele, na masta silinda yake (pampu inayosukuma mafuta ya breki), yenye kipenyo cha ndani cha milimita 14, iko kwenye usukani. Breki ikishika bila kuachia, wengi hubadilisha mipira ya ndani yake tu, na shida inabaki palepale.

Chini ya kikopo cha mafuta ya breki kuna matundu mawili. Kubwa linaingiza mafuta. Dogo, jembamba kama ncha ya sindano, linayarudisha. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yakikosa pa kurudi husukuma pedi zibane diski zenyewe. Tundu hilo huzibwa na mafuta ya zamani yaliyoganda. Lizibue kwa waya mwembamba wa gitaa. Drili hapana: ukilipanua, kingo zake zitakwangua mpira.

Saklipu, pete ya chuma inayozuia pistoni isitoke, imekaa ndani sana na mara nyingi imeshika kutu, kwa hiyo tafuta koleo lenye pua ndefu. Ukitoa pistoni, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye kishimo, ripea kiti (seti ya pistoni, springi na mipira mipya) haitasaidia. Weka silinda mpya, au ipelekwe kwa fundi mitambo aivishe kwa ndani bomba la chuma cha pua. Kusugua kwa msasa sishauri, maana kunaondoa ile ngozi ngumu ya juu ya aluminiamu.

Paka mipira mafuta ya breki mapya, DOT 3 au DOT 4. Grisi na oili ya injini huivimbisha. Inatangulia springi, kisha mpira wa kwanza, kisha pistoni na mpira wake wa pili. Midomo ya mipira yote inatazama springi. Mmoja ukigeuka, breki haijengi nguvu kabisa. Washa (pete bapa) za shaba za kwenye bomba weka mpya.

Kabla ya kutoa upepo kwenye breki, acha kikopo wazi, funika tangi kwa kitambaa kwa sababu mafuta haya yanakula rangi, halafu vuta mkono wa breki kidogo sana. Mafuta yanapaswa kuruka kidogo juu ya tundu dogo. Yasiporuka, aidha bado limeziba, au pistoni iliyokuja na ripea kiti ni ndefu na mpira unalifunika hata mkono ukiwa umeachiwa. Usiendeshe.

Na usidanganyike kuweka masta ya milimita 15.87 kwenye diski moja: utahitaji kuongeza nguvu ya mkono kwa zaidi ya robo kupata breki ileile.