Kijana wetu hajatahiriwa: wanayosema jamaa na ukweli wenyewe

Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a, mume wangu ni Mluo wa Siaya, na tunaishi Umoja, Nairobi. Kijana wetu ana miaka tisa na hajatahiriwa. Tumekubaliana kwamba akikomaa ataamua mwenyewe. Upande wa Siaya hakuna aliyeuliza. Upande wangu ndiko kwenye maneno.

"Atakuwa mchafu."

Alipokuwa wa miezi mitano, jamaa yangu mmoja alimwogesha kwenye beseni, akalivuta govi nyuma kwa nguvu ili "atoe uchafu". Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, na kwenye taulo nikakuta matone ya damu. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo naye alivyofundishwa.

Ukweli ni kwamba govi la mtoto mchanga limeshikana na kichwa cha uume, mfano wa ukucha na kidole. Hujiachia lenyewe polepole, na kwa wengine ni hadi wanapobalehe. Ukilivuta unachana ngozi, na kovu linaweza kulibana baadaye. Mtoto huoshwa kwa nje tu. Likishajiachia, anafundishwa kulirudisha nyuma mwenyewe, kuosha kwa maji, kisha kulirejesha mahali pake. Akiumia anapokojoa, au pakivimba na kuwa pekundu, mpeleke kwa daktari.

"Mnamnyima kinga ya Ukimwi."

Hapa jamaa wana hoja, na sipendi wazazi wenzangu wanapoikana. Utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari.

Ila wale wa Kisumu walikuwa wanaume wa miaka 18 hadi 24, waliokubali kwa hiari yao. Kinga yenyewe si kamili. Kondomu bado inahitajika. Na mtoto wa darasa la nne bado yuko mbali na hatari hiyo. Siku akihitaji kinga hiyo, ataipata akienda kliniki kwa miguu yake. Nikisema hivyo, hata mjomba wangu hutulia, kwa sababu sijamwambia kwamba anadanganya.

"Asiyetahiriwa si mwanamume."

Hili takwimu hazilijibu. Kwa watu wangu, kisu ndicho humtoa kijana utotoni, na neno *kihii*, yaani mvulana asiyetahiriwa, likitamkwa linachoma. Lakini hiyo si sheria ya wanadamu wote. Waturkana hawana mila ya kutahiri, na Waluo wa zamani alama yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini.

Shosho nilimweleza jikoni, tukiwa wawili tu, tukimenya minji. Nilimkumbusha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wanaume wa Kiluo walipokamatwa na kukatwa kwa nguvu, hata hapa Nairobi. Nikamwambia kwamba kwa wakwe zangu neno *kihii* si utani. Alishika ganda moja mkononi muda mrefu bila kulipasua. Kisha akauliza, "Na akitaka mwenyewe?" Nikamjibu kwamba tutampeleka hospitalini, naye atakuwa wa kwanza kuambiwa.

"Biblia inaagiza."

Sisi ni Wakristo, na suala hilo mitume walilimaliza Yerusalemu; soma Matendo 15. Majirani zetu Waislamu wana mafundisho yao, wala siwasemei.

"Akija ushago tutampeleka tu."

Hili usilichukulie kama mzaha. Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inakataza mtu kumlazimisha mwingine kupitia mila au desturi yoyote. Lakini kwa shosho sikuanza na Katiba. Mimi nilizungumza na watu wangu, mume wangu na wake, mapema, kabla ya likizo ya Desemba. Kijana naye tumemwambia kwamba mtu yeyote akitaka kumvua nguo amkatalie, hata akiwa jamaa, kisha atupigie simu. Namba zetu zote mbili amezikariri.