Kilwa: nakala mbili, shahidi mmoja

Historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ipo ya Kireno, aliyoichapisha mwanahistoria João de Barros mwaka 1552 bila kuwahi kukanyaga kisiwani, na ipo ya Kiarabu, iliyonakiliwa Unguja katika karne ya 19 ingawa mtungaji wake anasema alizaliwa 1499. Zote mbili zinamtaja mwanzilishi, Ali, mwana wa sultani wa Shirazi, na zote zinasema alikinunua kisiwa kwa nguo.

Wasomaji wengi huona hapo mashahidi wawili. Mimi namhesabu mmoja. Habari zote mbili zimetoka katika simulizi moja ya ikulu, kwa hiyo kukubaliana kwake hakuthibitishi kitu. Tena tazama zilivyoandikwa wakati gani: Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakamkalisha mtu wao kwenye kiti, na swali la nani mwenye haki ya kutawala lilikuwa la moto. Kisa cha kisiwa kulipiwa kwa nguo kinafanya kazi ya hati ya kiwanja. Pengine ni kweli, lakini aliyekisimulia alikihitaji mno.

Basi je, Ali naye alitungwa? Hapa ndipo sarafu zinaponifurahisha. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alizipata zenye jina la Ali bin al-Hasan, akamweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za Ali zikiwemo, pamoja na dinari za Kifatimi (sarafu za dhahabu za ukoo uliotawala Misri) ambazo ya mwisho ni ya 1066. Ali akarudi nyuma zaidi ya karne nzima, akaukaribia wakati ambao wasimulizi wa ikulu wanamweka. Sarafu nayo ni neno la mtawala, inaweza kujisifu, lakini ikishafukiwa ardhini hakuna mjukuu awezaye kuihariri.

Kuhusu Shirazi, utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya Kilwa pia, ulionyesha wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuzaa na wanawake wa Kiafrika pwani hii karibu na mwaka 1000. Hilo nalikubali. Kwamba mmoja wao alikuwa mwana wa sultani, hilo bado tunalo kwa maneno ya ikulu peke yake.