Kwa nini mikono ya mfumaji hunasa uzi hata baada ya kupakwa mafuta?

Anayefuma kwa sindano mbili, na anayefuma kwa kroshia, wote wanaijua hali hii. Uzi laini, hasa wa hariri au moheri (manyoya ya mbuzi), unapita juu ya kidole cha shahada na kunasa kwenye ngozi. Unyuzi mmoja unachomoka, vitanzi vinapoteza usawa, na kidole kinaanza kuuma. Dawa inayotajwa kwanza ni mafuta: ya nazi, ya alizeti, ya zeituni, yoyote yaliyo karibu. Mkono unapakwa, unang'aa, na kesho yake ngozi ni ileile.

Maelezo yanayosikika sana ni kwamba sufu hunyonya mafuta ya asili ya viganja, kwa hiyo mfumaji anatakiwa kuyarudisha. Yanaaminika kwa urahisi kwa sababu sufu ni mnyonyaji kweli. Inaweza kubeba mvuke wa maji unaokaribia theluthi ya uzito wake na bado ukiishika usiione imelowa. Pamba hubeba kidogo kuliko hiyo, na akriliki, uzi wa plastiki, karibu haibebi kitu. Lakini hayo ni maji, na sehemu kubwa yake sufu huyapata hewani. Kuhusu mafuta ya viganja, hakuna cha kunyonywa, maana viganja na nyayo havina tezi za mafuta. Tezi hizo kwa kawaida huandamana na vinyweleo, na kiganja hakina kinyweleo hata kimoja. Kilicho nacho ni tezi za jasho, tena nyingi sana. Mafuta unayoweza kuyakuta kiganjani yameletwa tu, kila unapogusa uso au nywele. Hili linastahili kukaziwa, kwa sababu watu wengi huacha uzi wa sufu wanaoupenda wakiamini ndio unaowakausha.

Uzi unachofanya ni kusugua. Unapita mahali palepale pa kidole kwa saa nzima, na kila mara unakwangua kidogo. Juu ya hapo kuna kunawa. Kazi nyeupe inadai mikono safi, kwa hiyo mfumaji hunawa mara nyingi. Ngozi kwa kawaida ina uasidi kidogo, pH yake (kipimo ambacho namba ndogo ina maana ya uasidi zaidi) ikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10. Sabuni hiyo huondoa uchafu, lakini pia huchukua mafuta yaliyo kati ya seli za ngozi pamoja na vitu vinavyoyeyuka majini ambavyo kazi yake ni kushikilia unyevu. Ukitafuta kinachokausha mikono, anzia kwenye beseni kabla ya kuusingizia uzi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, bapa, zilizojaa keratini. Sufu nayo ni keratini, protini ya ukoo uleule, na unyuzi wake ukitazamwa kwa hadubini umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana. Seli za ngozi zikikauka, kingo zake huinuka. Hapo nyuso mbili zenye magamba, za mata ya aina moja, zinasuguana! Hariri haina magamba, lakini nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba ukingo wowote wa ngozi ulioinuka unatosha kuzikamata.

Sasa, kingo hizo zinalazwaje? Mwaka 1952 mtafiti wa Marekani, Irvin Blank, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa vipande vya sugu ya ngozi vilivyokaushwa. Vilivyowekwa kwenye mafuta vilibaki vigumu na vyepesi kuvunjika. Vilivyopata maji vililainika. Kinachoilainisha keratini ni maji, na mafuta hayana maji ya kuipa.

Mafuta yanafanya kazi kama kifuniko cha sufuria. Kifuniko hakiongezi maji sufuriani. Kinazuia yaliyomo yasiishe kwa mvuke. Ukikiweka juu ya sufuria kavu, umefunika ukavu. Ukijaza maji bila kufunika, yatapungua taratibu hadi yaishe. Ndiyo maana jeli ya aloe vera, ambayo karibu yote ni maji, huburudisha mkono kwa muda mfupi na kisha kuuacha kama ulivyokuwa: sufuria imejazwa, haikufunikwa. Na kiganja ni sufuria inayovujisha mvuke kuliko nyingine. Ngozi yake ni nene, lakini mafuta kati ya seli zake ni machache, kwa hiyo maji hutoroka hapo kwa kasi kuliko sehemu nyingi za mwili.

Majaribio ya Blank yalihusu vipande vilivyokatwa, si mkono wa mtu aliye hai, ambao hupokea maji pia kutoka ndani ya mwili. Tena mafuta hujaza nafasi kati ya kingo zilizoinuka, na kwa saa chache mkono huhisi laini kweli. Ulaini huo upo, ila ni wa juujuu.

Kwa hiyo cha muhimu ni mpangilio. Nawa kwa maji ya vuguvugu, bonyezabonyeza kwa taulo bila kusugua, na jipake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Gliserini iliyochanganywa na maji inafaa kutangulia, kwa kuwa huvuta maji na kuyashikilia. Mafuta yafuate, kidogo tu. Wakati mzuri ni kabla ya kulala, ukivaa glavu nyembamba za pamba, maana mafuta yaliyopakwa dakika chache kabla ya kufuma huishia kwenye uzi, na doa la mafuta kwenye sufu nyeupe ni kazi ngumu kuliondoa.

Kuhusu aina ya mafuta, ya zeituni yanasifiwa kuliko yanavyostahili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa yaliidhoofisha kinga ya ngozi, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo. Walioshiriki walikuwa watu 19 tu, na mafuta yalipakwa kwenye mkono kati ya kiwiko na kifundo, kwa hiyo si hukumu ya mwisho kwa viganja. Lakini kama alizeti yapo, sioni sababu ya kuanza na zeituni. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo ikichanganywa na mafuta hutengeneza mgando unaokaa juu ya ngozi bila kutiririka. Na ipo lanolini, nta ambayo kondoo huipaka sufu yake mwenyewe. Inaweza kushikilia maji yanayofikia mara mbili ya uzito wake, na kwangu ndiyo inayomfaa mfumaji kuliko zote. Usitarajie kuipata kwenye uzi wa dukani, kwani nyingi huoshwa kiwandani kabla sufu haijasokotwa. Wachache wana mzio nayo, kwa hiyo ijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili tatu.

Ndimu na sukari, mchanganyiko unaopendwa kusugulia viganja, ningeuacha kabisa kwa ngozi iliyopasuka. Sukari inakwangua palepale uzi ulipokwangua, na maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi yanayodumu kwa wiki kadhaa. Nyufa zinazotoa damu au zinazowasha usiku zinahitaji daktari wa ngozi, maana huenda ni pumu ya ngozi na si ukavu wa kawaida.