Kabla ya kuongeza kalsiamu, pima maji unayojazia

Malalamiko ninayoletewa zaidi na watu wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya maji ya chumvi hapa Nairobi ni haya: "Fundi, kalsiamu imeshuka, naongeza na haipandi." Nikiuliza alkaliniti (kiasi cha baikaboneti na kaboneti majini) iko ngapi, kimya. Nikiuliza maji ya kujazia yaliyopotea kwa mvuke yanatoka wapi, naambiwa "ya bomba tu," kumbe bomba lenyewe limeunganishwa na kisima kirefu cha mtaa.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti. Kila yanapochukua miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, alkaliniti hushuka kwa takriban 2.8 dKH, yaani digrii inazopimwa nazo. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita na alkaliniti karibu 7 dKH. Toa kiasi hicho kimoja: kalsiamu inabaki 400, tofauti ambayo vipimo vya matone vya nyumbani huikosa kwa urahisi, ilhali alkaliniti imeporomoka hadi 4.2 na matumbawe yako taabani. Ndiyo maana alkaliniti naipima kila baada ya siku mbili tatu, saa ileile. Kalsiamu inaweza kungoja wiki. Na kabla ya vyote napima chumvi, kwa sababu maji yaliyopungua chumvi hupungua kila kitu.

Napenda alkaliniti ikae kati ya 7.5 na 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Lakini 8 isiyoyumba ni bora kwangu kuliko 10 ya leo na 7 ya kesho.

Sasa turudi kwenye kisima. Maji ya juu ya ardhi yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, yana madini machache. Maji ya visima virefu vya Nairobi, kwa kawaida, yamejaa sodiamu baikaboneti, na floridi juu yake. Yaani yanaleta alkaliniti bila kalsiamu. Chukua tangi la lita 300 linalopoteza lita 4 kwa siku kwa mvuke, na maji ya kisima yenye 15 dKH. Mvuke hauondoki na chumvi, kwa hiyo kila siku unaongeza 0.2 dKH. Kwa mwezi ni 6. Tangi lenye matumbawe machache halina wa kuila alkaliniti hiyo.

Ikifika 13 au 14, kalsiamu unayomwaga haikai majini. Inaungana na kaboneti na kuganda. Chomoa hita uitazame: ina ukoko mweupe, mgumu, wa kukwaruza kwa kucha. Utie tone la siki ya jikoni, utatoa povu papo hapo. Hiyo ndiyo kalsiamu uliyonunua. Mchanga nao hushikana mabonge, pampu zinaanza kukoroma. Magnesiamu ikiwa chini mambo huharakisha, maana ndiyo inayozuia fuwele hizo kukua.

Dawa yake si chupa nyingine. Acha kuongeza chochote, jazia maji ya mashine ya RO peke yake, ile inayochuja karibu madini yote, na badilisha maji kidogo kidogo kwa maji mapya ya chumvi yenye alkaliniti ya 7 au 8. Maji ya boza nayo yapitishe kwenye RO; dereva hatakwambia aliyachota wapi.

Tangi likishatulia, usiongeze kitu kwa siku mbili, upime mwanzo na mwisho, ndipo ujue matumbawe yako yanakula kiasi gani. Kwa lita 300, gramu 9 za beking soda hupandisha 1 dKH, na sipandishi zaidi ya hapo kwa siku. Gramu 22 za kalsiamu kloridi ya chembechembe, ile yenye maji ndani yake, hupandisha kalsiamu kwa 20. Usivimimine pamoja, maji yatageuka maziwa. Beking poda si beking soda. Na magadi ya kulainishia githeri, tafadhali, yaache jikoni: yana floridi na uchafu mwingine.

Tangi lenye matumbawe ya kiasi mimi hulitilia maji ya chokaa. Gramu 1.5 za chokaa safi (kalsiamu hidroksidi) ya daraja la chakula kwa lita ya maji ya RO, iache itulie, utumie yale maji maangavu ya juu. Chokaa ya ujenzi hapana. Lita 4 zikidondoka usiku kucha katika tangi lile la lita 300 zinaleta karibu 1.5 dKH na kalsiamu 11, kwa uwiano uleule ambao matumbawe huutumia. Usiku ndiyo saa yake kwa sababu pH ya tangi (kipimo cha uasidi wa maji) huwa imeshuka, na chokaa huipandisha, hasa Julai watu wanapofunga madirisha yote kwa baridi na hewa ya kaboni dayoksaidi inajaa chumbani. Maji ya chokaa ni makali, pH yake hupita 12, kwa hiyo ni tone kwa tone, na mikono uivalishe glavu. Ukiona pH ya tangi inavuka 8.5, punguza kasi ya matone.