Je, Wajua Kwa Nini Mtoto na Baba Yake Hubembea kwa Mwendo Mmoja?

Nenda viwanja vya Nanenane pale Themi, Njiro, jijini Arusha, mwezi wa nane, au bustani yoyote ya Moshi mwezi wa Desemba watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu. Utakuta bembea mbili za minyororo ya urefu mmoja zimening'inia kwenye boriti moja: hii amekaa mtoto wa kilo 20, ile amekaa baba yake wa kilo 80. Waachie kwa pamoja kutoka kimo kimoja. Watakwenda pamoja na kurudi pamoja. Baba ana uzito mara nne wa mwanawe, lakini hamtangulii.

Ni kweli dunia inamvuta baba kwa nguvu mara nne zaidi. Lakini mwili wake nao ni mgumu kusogea mara nne zaidi, kwa hiyo viwili hivyo vinafutana. Kinachobaki ni urefu wa mnyororo na mvutano wa dunia, ambao ni uleule kwa kila aliyekaa. Hata ukiifunga bembea hiyo kileleni Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako mvutano umepungua kidogo, kila kwenda na kurudi kungechelewa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Ndivyo ilivyo pia kwa bembea za mzunguko, zile za viti vilivyofungwa kwa minyororo kwenye gurudumu kubwa la juu. Gurudumu likishika kasi, viti hutanuka kwenda nje, na ukivitazama vizuri vyote vimelala karibu pembe moja: chenye mtu mnene, chenye mtoto, hata kilicho kitupu. Ubao wa kupanda na kushuka ni habari nyingine kabisa. Huko uzito ndio kila kitu.

Kwa hiyo ukitaka kujua mwendo wa bembea, swali la kumuuliza fundi anayeitengeneza siyo inabeba kilo ngapi. Muulize mnyororo una urefu gani. Mnyororo wa mita 1 huchukua sekunde 2 kwenda na kurudi. Wa mita 2, sekunde 2.8, wa mita 3, sekunde 3.5, wa mita 4, sekunde 4. Ukitaka muda uongezeke mara mbili, lazima urefu uongezeke mara nne. Ndiyo maana vibembea vifupi vya chekechea huenda harakaharaka, na kamba ndefu ya kwenye mwembe huenda kwa madaha. Mholanzi Christiaan Huygens aliitumia tabia hii mwaka 1656 kutengeneza saa ya pendulamu, na kwa karne kadhaa baadaye dunia haikuwa na saa za kuaminika kuliko hizo.

Unaweza kuipima bembea bila kupanda juu yake. Fungua kipima muda cha simu, mwache mtoto abembee taratibu bila kujisukuma, hesabu kwenda na kurudi mara 10, kisha gawa sekunde ulizopata kwa 10. Zidisha jibu kwa lenyewe, halafu ligawe kwa 4. Kama mara 10 zimechukua sekunde 30, basi ni sekunde 3 kila mara. 3 mara 3 ni 9. 9 gawa kwa 4 ni mita 2.25. Huo ni urefu kutoka kwenye boriti hadi karibu na kitovu cha mtoto, wala si hadi kwenye kiti, kwa kuwa hesabu inafuata pale uzito wa mwili ulipokusanyika. Na hapo utaelewa kwa nini mtoto akisimama juu ya kiti bembea huharakisha: uzito umepanda, urefu umepungua. Pima ikiwa inakwenda chini chini. Ikifika nyuzi 60 kila upande, muda huongezeka kwa karibu asilimia 7 na hesabu itakudanganya.

Kujisukuma nako kuna siri yake. Aliyekaa hunyoosha miguu na kulaza mgongo anapoanza kushuka akitoka nyuma, kisha hukunja miguu na kuinuka anapoanza kurudi. Aliyesimama hufanya kazi iliyo wazi zaidi: huchuchumaa akiwa juu na kusimama wima anapopita chini. Chini ndipo kasi ni kubwa na mwili ni mzito kuliko mahali pengine, kwa hiyo kuuinua hapo kunadai nguvu nyingi, na nguvu hiyo inaingia kwenye bembea. Kuchuchumaa juu, ambako mwili ni mwepesi, hurudisha kidogo tu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayompandisha. Kwa anayesukuma kutoka nyuma, muda ni bora kuliko misuli. Sukuma baada ya kiti kutulia nyuma na kuanza kuondoka. Ukikisukuma kingali kinakuja, umekuwa breki. Hata zile meli kubwa za kubembea za bustani za michezo za Ulaya na Marekani huendeshwa hivyo: gurudumu la mpira lililofichwa chini huigusa meli kila inapopita na kuiongezea kidogo kidogo, hadi tani kadhaa zinapaa.

Na tumbo kushtuka? Bembea ikigeukia kwenye nyuzi 60, uzito unaousikia mwilini pale juu ni nusu ya uzito wako. Chini kabisa ni mara mbili. Kwa mnyororo wa mita 2.25 mabadiliko hayo yanatokea ndani ya sekunde 0.8 hivi. Matumbo yaliyoning'inia ndani hayasubiri kuambiwa, na sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, linapeleka taarifa hiyohiyo kichwani.

Ile "mara mbili" ndiyo inayomhusu fundi kuliko jambo lolote. Mtoto wa kilo 30 anayefika nyuzi 60 hupakia kilo 60 kwenye minyororo anapopita chini. Mtu mzima wa kilo 80 akijikaza hadi mnyororo ulale sambamba na ardhi, mzigo unafika kilo 240. Urefu wa mnyororo hapa haubadilishi kitu. Pembe ndiyo inayoamua. Akivuka usawa huo mnyororo hulegea, anaanguka kwa muda mfupi, halafu mnyororo unamkamata kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho hufungua kulabu. Kwa mnyororo basi, kuzunguka boriti mzima mzima ni ndoto. Waestonia wanao mchezo wa kufanya hivyo, unaitwa kiiking, ila wao hutumia nondo ngumu badala ya mnyororo na miguu hufungwa kwenye kibao.

Mzigo wa chini unavuta wima. Fremu nyingi hazifi kwa huo. Zinakufa kwa mvuto wa pembeni. Bembea ikifika nyuzi 60, boriti huvutwa mbele, kisha nyuma, kwa nguvu inayofika asilimia 84 ya uzito wa aliyekaa. Mtoto wa kilo 30 anavuta kilo 25 huku na kule, mara elfu kadhaa kwa wiki, kwenye kichwa cha nguzo ya mita 2 na nusu. Watoto wawili wakienda pamoja, mvuto ni maradufu. Nguzo moja iliyosimama wima haiwezi. Ndiyo sababu fremu ya bembea huwa na miguu miwili iliyopanuliwa kila upande, na ndiyo sababu miguu huzikwa kwenye zege, si kwenye udongo ulioshindiliwa. Shimo la sentimita 60 kwenda chini, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na uso wa zege ubaki chini ya tandiko laini la uwanja, kama mchanga au vipande vya mbao, ili hakuna kichwa kitakachokutana nao.

Fremu za kuchomelea zinazotengenezwa kando ya barabara, kwenye mitaa kama Unga Limited au Majengo, nyingi zina chuma cha kutosha. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Moto wa kuchomelea huunguza zinki ya bomba, kutu huanzia hapo, na rangi ya juu inaificha. Bomba lililoachwa wazi kichwani hunywa maji ya masika na kuoza kutokea ndani, kwa hiyo dai kila mdomo wa bomba uzibwe. Gonga mguu kwa spana pale unapoingia kwenye zege: sauti ikiwa butu, au rangi ikimeguka magamba, bomba limeliwa.

Halafu tazama mahali pamoja ambapo karibu hakuna anayepatazama: pete ya juu kabisa ya mnyororo, inayosuguana na boliti ya boriti. Msuguano wote wa bembea uko pale. Inua kiti ulegeze mnyororo, sukuma pete kando, uone shingo yake. Ikiwa imelika theluthi moja ya unene, badilisha mnyororo, wala usiuhamishe juu chini, kwa kuwa upande wa pili nao umechoka. Kulabu ya umbo la S ibanwe kwa nyundo hadi isipitishe hata sarafu. Bushi au beringi iliyowekwa grisi hurefusha maisha ya kila kitu, na sauti ya bembea inayolia ni chuma kinachokula chuma. Wengi huvisha mnyororo mpira wa maji ili usibane vidole. Ni vizuri, ila uwe mfupi, usifike juu, la sivyo unaficha kutu ile ile uliyopaswa kuiona.

Bembea za mtini zina hesabu yake. Vihambani, yale mashamba yanayozunguka nyumba za Uchagani, miti iliyo karibu na nyumba mara nyingi ni mgrivea na mparachichi, na yote miwili matawi yake hukatika kwa urahisi bila kutoa onyo. Kamba ya katani huoza kwa mvua. Ya nailoni huharibiwa na jua, ikawa na unga unga ukiisugua. Fundo lenyewe hupunguza nguvu ya kamba hadi karibu nusu.

Kuanguka kutatokea tu, basi ardhi iandaliwe. Mwongozo wa viwanja vya watoto wa tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa hupima kimo cha kuangukia kwenye bembea kuanzia boritini, si kwenye kiti, kwa sababu mtoto anaweza kuachia akiwa juu. Mchanga wa kina cha sentimita 23 unafaa kwa kimo cha mita 1.2 tu. Vipande vya mbao vilivyokatwa kwa mashine, kwa kina hicho hicho, vinafaa hadi mita 3. Kwa boriti ya mita 2.4, mchanga peke yake hautoshi, ingawa ndio unaopatikana kila mahali. Nyasi na udongo havihesabiwi kabisa. Udongo wa Arusha ukikanyagwa kiangazi kizima unakuwa sakafu. Maranda ya kiwandani ni laini siku ya kwanza, kisha hubonyea na kuoza masika. Pumba za mpunga za kutoka Mabogini zinapeperuka.

Tandiko lolote linahamishwa na miguu. Chini ya kila kiti huchimbika shimo, likajaa maji Aprili, na mtoto huangukia hapo hapo. Litolewe maji na kusawazishwa kila wiki, kisha upimwe umbali kutoka ardhini hadi chini ya kiti: usipungue sentimita 30, ili aliyeteleza chini ya kiti apitiwe juu yake asisagwe.

Nafasi ndiyo inayokosewa zaidi mjini, kwenye viwanja vidogo. Mwongozo huo huo unataka mbele na nyuma kuwe wazi mara mbili ya kimo cha boriti. Boriti ya mita 2.4 inadai mita 4.8 mbele na mita 4.8 nyuma, bila ukuta, benchi wala maua yenye kingo za mawe. Viti visizidi viwili kati ya miguu, sentimita 60 kati ya kiti na kiti, 76 kati ya kiti na nguzo. Kiti cha tatu huongezwa kwa sababu ya biashara, naye wa katikati hana pa kutokea.

Kiti cha ubao kina kona, na kona hiyo hupita kwenye kimo cha paji la uso la mtoto mdogo anayekatiza, kwa kasi kubwa. Kiti cha mpira mlaini ni bora. Mafundi wanaokata tairi kwa ajili ya katambuga wanaweza kukukatia mkanda wa kiti, ilimradi tairi liwe la nyuzi za nailoni. La nyuzi za chuma likichakaa hutoa sindano zinazochana mapaja. Ukining'iniza tairi zima, toboa matundu matatu au manne upande wa chini, ya milimita 12 hivi, na uyazibue mara kwa mara mvua zikianza. Maji yakilala humo wiki moja, mbu wanaouma mchana wamekwisha zaliana.